Pembe ya Tatu ya Dume Lugendo

Tarsisi Mabula hakuwa na mke, wala ng'ombe wa kumtolea mke mahari. Hakuwa na baiskeli, hakuwa na redio, hakuwa na meno mawili ya mbele, na hakuwa na shamba la pamba ambalo bwana shamba angeweza kulipita bila kutikisa kichwa. Hakuwa na sauti ya kuimbisha ngoma wala kiuno cha kuichezea. Alikuwa Msukuma asiye na jina la kujigamba: wenzake waliitwa Radi, Moto wa Nyika, Mvunja Mizani, naye aliitwa Tarsisi tu, na mara nyingi hata hilo lilisahauliwa, akaitwa "wewe wa magunia", kwa kuwa kazi yake katika ghala la pamba pale Kagongwa ilikuwa kushona midomo ya magunia. Mkutanoni hakuwa na kiti. Msibani hakuwa na neno. Kwenye pombe alifikiwa mwisho, kata ikiwa imebaki na machicha.

Kitu kimoja tu alikuwa nacho, na alikipata akiwa amekwisha kuota mvi. Alikuwa na pembe.

Pembe yenyewe ilikuwa ya ng'ombe asiyekuwapo duniani. Katika miaka ile ya sabini, serikali ilipoamua kwamba mtu mzima asiyejua kusoma ni aibu ya taifa, Kagongwa nayo ilijenga banda la kisomo, na watu wazima wakaketi juu ya matofali kufundishwa a, e, i, o, u na Marcel, katekista wa kigango, mtu mwembamba aliyefundisha herufi kwa sauti ileile aliyosomea litania. Walipofuzu wakaanza kuletewa gazeti dogo la wasomaji wapya, lililochapishwa Mwanza mara moja kwa mwezi. Ukurasa wa kwanza ulieleza choo bora. Wa pili ulieleza mbolea. Wa tatu ulieleza tena choo bora, kwa wale ambao hawakuelewa mara ya kwanza. Ukurasa wa nne ndio uliokuwa na hadithi, nayo iliitwa Nchi ya Chini ya Nchi.

Katika nchi hiyo alitawala Mfalme Lubinza, asiye na kivuli. Palikuwa na ngoma iliyosikika miguuni kabla ya kusikika masikioni. Palikuwa na Kasole, ndege mla majina: akishakula jina lako, mama yako akikuita haitiki mtu. Na palikuwa na Lugendo, dume mweusi aliyewabeba wasafiri gizani bila kujikwaa. Mwandishi alikuwa mzee mmoja wa Geita aitwaye Otmar, ambaye hakuna mtu wa Kagongwa aliyepata kumwona.

Watu waliipenda hadithi ile kuliko walivyopenda mvua. Marcel alilisoma gazeti kwa sauti Jumamosi alasiri, na likiisha anaambiwa arudie, na likirudiwa wanaanza kubishana. Wakaunda chama, kwa sababu wakati ule hata watu watatu wenye majembe walikuwa chama. Kiliitwa Chama cha Wachunguzi wa Nchi ya Chini, mwenyekiti Marcel. Kazi yake ilikuwa kutafuta kilichofichwa. Maana hawakukubali hata kidogo kwamba hadithi ni hadithi. Mtu aliyehangaika mwaka mzima na herufi, mgongo ukamuuma juu ya tofali, hawezi kukubali kwamba zile herufi mwishowe zimemwambia habari za ng'ombe.

Kisha mwezi mmoja, mwishoni kabisa mwa hadithi, Lugendo akaota pembe ya tatu. Iliandikwa tu kwamba usiku ule pembe nyingine ilichomoza katikati ya paji lake, ikang'aa, na wasafiri wakashangaa. Basi. Chini yake palikuwa na tangazo la dawa ya wadudu wa pamba.

Marcel akasema labda ni Utatu Mtakatifu. Watu wakamwitikia "ndiyo, mwalimu", kama wanavyomwitikia kila Jumapili, wakaendelea kufikiri.

Hapo ndipo Tarsisi, ambaye hakuwa amepata kusema lolote tangu banda lijengwe, alipofungua kinywa chenye pengo.

"Pembe ya kulia ni ya waliokufa," alisema. "Ya kushoto ni ya sisi tulio hai. Ile ya katikati ni ya wale ambao hawajazaliwa. Ndiyo maana imechelewa kuota."

Mwenyewe hakujua maneno hayo yametoka wapi. Lakini alisikia banda likivuta pumzi, na mzee mmoja wa nyuma akanong'ona, "Ng'hana, ni kweli," na Tarsisi akahisi kitu kikimpanda uti wa mgongo, kitamu kuliko asali ya miombo. Kuanzia Jumamosi ile watu walimwachia tofali la mbele. Wanawake wenye watoto mgongoni walimsimamisha njiani, wakamwamkia: "Mwadila, mwalimu. Hebu nieleze, pembe ya mtoto wangu aliyefia tumboni iko upande gani?" Naye alisimama, akaweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, akaeleza. Kwenye pombe kata ilianza kumfikia ikiwa imejaa. Kabla ya mavuno kwisha alikuwa akiwasahihisha watu hata katika mambo ya mvua na ndoa. Unyenyekevu ni nguo ambayo maskini huivaa kwa kuwa hana nyingine. Akipata nyingine, ile ya kwanza haioni tena.

Mtu mmoja hakumwachia tofali. Huyo alikuwa Febronia, mjane mpika pombe, mwanamke mnene mwenye ulimi uliowatoza wanaume heshima kabla ya kuwapimia.

"Pembe ya wasiozaliwa!" alisema. "Na wewe Tarsisi ndiye wa kutuletea habari za wasiozaliwa, ambaye hujazaa hata kuku? Pembe ya peke yake si ya kichwani, ni pembe ya dawa. Kila mtu aliyelelewa na bibi anajua. Waganga wa mvua wanaigeuza mdomo chini, mvua inanyesha. Huyo dume amebeba dawa ya mvua, na pembe yake inaangalia chini."

"Imeandikwa ilichomoza, Mama. Kinachochomoza kinaangalia juu."

"Jino lako likichomoza linaangalia wapi? Aa, samahani, huna."

Watu walicheka hadi matofali yakaanguka. Lakini chama kilipasuka siku ileile. Wakawa Wapembe-Juu chini ya Tarsisi na Wapembe-Chini chini ya Febronia. Jirani akanyimana moto na jirani, na bibi harusi mmoja akarudishwa kwao kwa wiki nzima kwa kusema pembe inaweza kuwa inaangalia kando.

Mahali pengine ugomvi wa maana ya kitabu humalizwa na maprofesa. Kwa Wasukuma kuna njia ya haki zaidi. Pamba ikishauzwa na matumbo yakijaa, makundi mawili ya ngoma hukutana uwanja mmoja, saa moja, kila moja na ngoma yake, na hakuna mwamuzi. Watu wenyewe ndio mizani: wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi, na kundi lililobaki linajichezea lenyewe limeshindwa. Babu zetu walimalizia hivyo ubishi wa Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya kale. Basi Wachunguzi nao wakakata shauri kwamba siri ya Lugendo itaamuliwa kwa ngoma, na atakayepata watu wengi ndiye aliyeisoma hadithi sawasawa. Marcel alijaribu kuuliza kama Utatu Mtakatifu nao unaweza kuleta kundi. Akaambiwa alete, kama ana wachezaji.

Ni Tarsisi aliyetoa wazo la kumwalika mwandishi. Alijua kwamba ngoma inaweza kuyumba, lakini mwenye nchi akisimama mbele ya umma akasema, "Ni kweli, pembe ni ya wasiozaliwa," basi hakuna ulimi wa mpika pombe utakaoiondoa tena. Wazo likapita, na kwa kuwa lilikuwa lake, mgeni akapangiwa kulala kwake.

Mzee Otmar alifika siku ya kuamkia ngoma, juu ya lori la mbegu za pamba lililotoka Geita kupitia Ushirombo. Chama kilimngoja kwa vigelegele. Walikuwa wamemtarajia mtu mrefu, mwenye ndevu, pengine asiye na kivuli. Akashuka mzee mfupi mwenye koti la kaki lililoliwa viwiko, akasimama kando ya gurudumu, akakohoa mpaka vigelegele vikaisha vyenyewe. Alitazama mabango mawili yaliyoandikwa JUU na CHINI.

"Kuna uchaguzi?" aliuliza.

Watu wakatazamana kwa furaha. Huo nao ulikuwa usemi mzito. Walianza kuutafutia maana palepale.

Jioni, jua lingali kwenye mapaa, Mbuke, dada yake Tarsisi, alileta michembe ya viazi vikavu iliyochemshwa na karanga, akamsalimu mgeni kwa kupiga goti, akaketi kando ya mlango. Otmar alikula taratibu, kwa shukrani ya mtu anayejipikia. Tarsisi hakula. Alikuwa amengoja saa hii tangu alipofumbua kinywa chake bandani.

"Baba," alisema, "tusaidie sisi wanafunzi wako. Mfalme Lubinza hana kivuli. Tunajua ni kwa sababu ni mzimu wa watemi wa zamani. Sivyo?"

"Watemi?" Otmar akatema ganda. "Mwanangu, mimi nilikuwa mtu wa taa. Palikuwa na mgodi mdogo kule kwetu, jina lake halina faida tena, umefungwa. Watu walishuka chini, nami nilikaa mdomoni mwa shimo nikiwagawia taa. Kule chini hakuna jua. Nani atakuwa na kivuli?"

"Na ngoma inayosikika miguuni kwanza?"

"Baruti. Ikilipuka chini, ardhi inakutikisa nyayo kabla mlio haujakufikia. Ukishaizoea hata usingizini unaisikia kwa miguu."

"Na Kasole? Ndege mla majina?"

Mzee akakusanya maganda ya karanga kwa kidole, akayafanya fungu.

"Kila aliyeshuka alichukua taa, akaniachia kibati chake, kipande cha bati chenye namba yake, nikakitundika msumarini. Akipanda, anarudisha taa, nampa kibati. Jioni nyingine kibati kinabaki. Unakingoja. Unajisemea huyu mvivu, anakuja, amekaa kuvuta sigara. Asubuhi anakuja karani na kitambaa kibichi, anafuta jina ubaoni, anaandika jingine palepale, ubao haujakauka. Sikuweza kumwandika yule karani, mwanangu. Nilijaribu, kalamu ikakataa. Ndipo nikamwandika ndege."

Mbuke, pale mlangoni, alishika shavu. "Pole, baba," alisema.

Kwa muda mfupi, ambao baadaye alijitahidi sana kuusahau, Tarsisi naye aliiona Nchi ya Chini kama ilivyokuwa: giza, taa zinazoning'inia, majina yanayofutwa kwa kitambaa. Akajua kwamba chama chao kizima kilikuwa kimekaa juu ya mdomo wa shimo kikipigania mabango. Lakini mtu akishapewa kata iliyojaa, haiachi mkononi kwa sababu ya shimo la watu wengine.

"Na pembe?" aliuliza.

"Pembe gani?"

"Ya tatu, baba. Ya Lugendo."

Otmar alikunja uso akatafuta kumbukumbu, kisha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Aah, ile! Mwezi ule mhariri aliniandikia kwamba hadithi imepungua mistari, na tangazo la dawa limekwisha kupangwa, haliwezi kupandishwa juu. Akasema, ongeza chochote. Nikaongeza pembe. Ikajaza nafasi sawasawa."

Mbuke akaondoa sahani.

"Baba," Tarsisi alisema kwa sauti ya chini, "kesho usiseme hivyo."

"Kwa nini?"

"Mimi hapa sina kitu. Muulize dada yangu. Nina hiyo pembe tu. Ukiiondoa, kesho kutwa naitwa wewe wa magunia."

Mzee alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Tarsisi kuliko kicheko cha Febronia.

"Sitaisema kwa kupenda," alisema Otmar. "Lakini nikiulizwa mbele ya watu nitajibu. Waliobaki kule chini nimekwisha kuwafichia karani wao kwa ndege. Sitaanza na kudanganya juu ya ng'ombe."

"Sema ni siri ya mwandishi."

"Mimi sina siri. Nina kifua. Kile kidogo wanachonitumia kutoka Mwanza ndicho dawa yangu. Naandika nipumue, mwanangu, si zaidi."

Kesho yake uwanja wa Kagongwa ulifurika. Watu walitoka Isaka, walitoka Kahama, wengine walikuja kwa miguu tangu alfajiri bila kujua kabisa pembe inayogombewa ni ya nani. Walisikia kuna ngoma. Mzee Otmar aliwekwa katikati, kwenye kiti cha kigango, kofia magotini.

Febronia alianza vizuri. Wanawake wake walitoka wamefunga kaniki, kila mmoja na pembe ya ng'ombe iliyojaa maji, wakacheza kwa mabega, na kila ngoma ilipokata waligeuza pembe chini, maji yakalimwagikia lile vumbi la mwezi wa saba. Harufu ya mvua ikapanda uwanjani. Wazee wakafumba macho. Umati ukaelekea kwake kama maji yanavyoelekea bondeni, na Tarsisi alibaki na wachezaji wake na mbwa mmoja.

"Mwalimu!" Febronia alimpigia kelele. "Hao wasiozaliwa wako wako wapi? Waite waje wakuchezee!"

Ndipo Tarsisi alipoinua mkono, na nyuma ya ghala akatolewa dume. Alikuwa dume mweusi wa shemeji yake, mume wa Mbuke, mnyama mpole wa kulimia, na katikati ya paji lake ilisimama pembe ya tatu, iliyochongwa kwa mninga, ikapakwa mafuta, ikafungwa kwa mpira wa tairi uliopakwa masizi usionekane. Umati ulipiga ukelele mmoja. Waliokuwa wakinusa mvua waliacha kunusa. Watoto, wazee, wauza maandazi, na hatimaye nusu ya wanawake wa Febronia wenyewe, na pembe zao mkononi, walikimbilia upande wa Tarsisi. Mwanamke mmoja alipiga magoti. Mwingine alimgusisha mwanawe kwato. Dume aliona makelele yanazidi, akainamisha kichwa kujikuna gotini, na pembe ya wasiozaliwa ikalala kando, ikamning'inia sikioni. Hakuna aliyejali. "Inaelekeza!" walipiga kelele. "Inatuonyesha!"

Wakambeba Tarsisi juujuu. "Pembe! Pembe!" waliimba, na huko juu, miguu ikining'inia, akatambua kwamba hilo ndilo jina lake la kujigamba, na kwamba limefika. Machozi yakamtoka.

Kama ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri. Lakini Marcel, ambaye Utatu wake ulikuwa umepata kura yake peke yake, aliona ni wajibu wa mwenyekiti kufuata utaratibu. Akainua kengele ya kigango, akaipiga.

"Ndugu wanachama! Sasa mwenye hadithi mwenyewe atuthibitishie. Mzee wetu Otmar, pembe ya tatu ina maana gani?"

Otmar alisimama. Kwanza alimtafuta Tarsisi kwa macho, akamwona yuko mabegani mwa watu. Tarsisi alitikisa kichwa taratibu, mara moja, kama anayefukuza nzi.

"Niwaeleze habari za taa," mzee alianza. "Palikuwa na mgodi, na kila aliyeshuka..."

"Pembe!" mtu alipiga kelele.

"...aliacha kibati chake, nami..."

"Pembe, mzee! Taa tunazo nyumbani!"

"Pembe! Pembe! Pembe!"

Mzee alingoja mpaka wakachoka. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Hadithi ilipungua mistari. Mhariri akasema niongeze chochote. Nikaongeza pembe. Haina maana yoyote."

Naam, mtu aweza kumwambia Msukuma kwamba ng'ombe wake ni mwembamba, na wakanywa pamoja jioni. Lakini umma mzima uliomgusisha mtoto kwato hauambiwi hivyo. Uwanja ulitulia hata dume alisikika akitafuna. Waliombeba Tarsisi walianza kulegea mabega, na alijiona akishuka, inchi kwa inchi, kuelekea kwenye magunia yake.

Aliyemwokoa ni Febronia. Maana kama pembe haina maana ya juu, haina na ya chini, na maji yake yote yamemwagika bure.

"Mzee huyu ametoka mbali," alitangaza, mikono kiunoni. "Amechoka. Na tangu lini mama anayebeba mimba akajua sura ya mtoto? Mwalimu Pembe! Wewe umesoma. Mweleze."

Macho yote yakamgeukia Tarsisi. Moyoni aliliona tena lile fungu la maganda ya karanga. Aliona kibati msumarini. Angeweza kusema neno moja, "Msikilizeni", na pengine wangemsikiliza, kwa kuwa siku ile, saa ile tu, wangemsikiliza hata angewaambia wale udongo.

"Mzee hakuandika," alisema. "Aliandikishwa."

"Eeeee!" umati ukapumua.

"Mababu walishika mkono wake. Mhariri alidhani anaomba mistari. Aliyeomba si mhariri. Mtungi hubeba maji, lakini mtungi haujui kiu. Tusimlaumu mtungi."

Ilikuwa hotuba nzuri. Lazima tumpe haki yake, ilikuwa nzuri kuliko zote alizopata kutoa. Vigelegele vikapasua uwanja, JUU na CHINI zikakumbatiana, na Febronia akamfuta machozi kwa kaniki yake mwenyewe.

Otmar alivaa kofia. "Basi," alisema, "waambieni hao wanaonishika mkono wanitumie na dawa ya kifua."

Watu wa karibu walicheka, wakidhani ni utani. Hakukaa kula pilau ya chama. Lori la mbegu lilikuwa likirudi, akapanda juu ya magunia matupu, na hakuna aliyemsindikiza ila Mbuke, aliyempa michembe ndani ya kitambaa.

Jambo lingeweza kulala hapo, lakini gazeti la mwezi uliofuata lilikuja, na ndani yake Lugendo alikuwa na pembe mbili. Mzee alikuwa ameiondoa. Aliandika kwamba pembe ya tatu ilianguka njiani na hakuna msafiri aliyerudi kuiokota. Kisha ukurasa mzima uliobaki ulieleza habari za mtu aliyekaa mdomoni mwa shimo, akigawa taa.

Chama kikakutana palepale. Hasira ilikuwa kubwa. Febronia alisema huyo mzee anaharibu mila. Mwingine alisema ni wivu. Marcel alitoa hoja ya kusamehe, ikakosa wa kuiunga mkono. Wakaamua iandikwe barua kwa mhariri, na kwa kuwa hapakuwa na hati nzuri kuliko ya Mwalimu Pembe, kazi ikamwangukia.

Aliandika siku mbili. Mbuke alimkuta kibarazani, ulimi ukitokeza kwenye pengo, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Unamwandikia nani?"

"Mwanza."

"Kuhusu yule mzee?"

"Kuhusu hadithi. Hii ni kazi ya elimu, Mbuke. Usiiingilie."

"Elimu," alisema Mbuke. "Alikula kwenye sahani yako. Alikuambia pumzi yake iko wapi. Na wewe umekwenda kuikanyaga hapohapo."

"Chama ndicho kilichoamua."

"Chama hakikusikia habari za kibati. Ulisikia wewe, na mimi." Aliondoka bila kungoja jibu.

Tarsisi akaendelea kuandika, na barua ilipokwisha ilisomeka hivi:

"Kwa Ndugu Mhariri. Yah: Mwandishi asiyeijua nchi yake. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi Wachunguzi wa Nchi ya Chini, tawi la Kagongwa, tumesikitishwa na namna Ndugu Otmar anavyoipotosha Nchi ya Chini ya Nchi. Ameiondoa pembe ambayo si mali yake. Alipoulizwa maana hakuijua, na watu wengi ni mashahidi. Badala yake anaingiza habari za taa, vibati na mashimo, ambazo hazina asili yoyote katika nchi hiyo. Tunaomba apumzishwe. Wako katika ujenzi wa taifa."

Alisoma mara mbili. Ilikuwa barua safi. Chini ya sahihi palibaki nafasi nyeupe, na nafasi nyeupe ina ushawishi wake. Akaongeza, kwa herufi ndogo kidogo:

"N.B. Endapo ofisi itakosa mtu wa kuendeleza hadithi, aliyetia sahihi hapo juu yuko tayari, na pembe anazo za kutosha."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Akachukua tonge la ugali wa asubuhi, akalitemea mate, akalisugua ukingoni, akabandika, akagandamiza kwa ngumi mpaka ikashika. Akaandika anwani. Basi la Mwanza liliposimama sokoni alimpa utingo mkononi, akamwamuru aitunze asiikunje, kwa kuwa ni ya kiofisi. Utingo akaichomeka kwenye kofia yake, akapiga bati mara mbili, na basi likaondoka.